Mikuki au Mifupa

Mtu akiniuliza aanze wapi kusoma habari za Wahispania walivyouteka mji wa Waazteki, huwa namwambia aanze na fomu.

Ndiyo, fomu. Kabla ya vile vitabu vinene vyenye michoro ya farasi na mahekalu, kulikuwa na karatasi ambazo Wahispania waliziita probanza, yaani uthibitisho. Mtu aliyepigana Meksiko alikwenda mbele ya hakimu na orodha ya maswali aliyoyaandaa upande wake mwenyewe. Je, shahidi anajua kwamba mimi nilikuwepo tangu mwanzo? Je, anajua kwamba nilijigharimia silaha na chakula? Je, anajua kwamba mpaka leo sijapata kitu na nina mke na watoto? Mashahidi wakaitwa mmoja mmoja, wakala kiapo, wakajibu swali kwa swali: la kwanza analijua, la pili aliliona kwa macho yake, la tatu alilisikia kwa watu. Karani akaandika, karatasi ikapanda meli kwenda kwa mfalme. Kisha mwenye karatasi akakaa akasubiri.

Kuhusu kusubiri sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa jarida hili.

Mimi ni mkalimani. Nimekaa miaka kwenye kile kiti cha pembeni, kati ya mtu anayehojiwa na mtu anayeandika, nikigeuza Kiswahili kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kiswahili. Habari za Meksiko zilinifikia kwa bahati tu. Katika sanduku la vitabu vya msaada lililoletwa maktaba yetu, katikati ya vitabu vya uhasibu na hadithi za mapenzi zilizochanwa kurasa za mwisho, kulikuwa na kitabu cha William Prescott juu ya vita hivyo. Kilitoka mara ya kwanza 1843. Prescott alikuwa Mmarekani wa Boston, macho yake mabovu karibu ya upofu, watu wakimsomea nyaraka kwa sauti, na hakuwahi kukanyaga Meksiko. Ameandika vizuri mno, farasi unawasikia kabisa. Lakini nilipofika nusu nikaanza kusumbuka na jambo ambalo pengine lingemsumbua mkalimani peke yake. Watu hawa wote wanahutubiana, wanajibizana kwa maneno marefu, sasa nani alikuwa anatafsiri? Anatajwa, ndiyo, na anasifiwa. Halafu anasahaulika, na hotuba zinaendelea kana kwamba kila mtu alizaliwa na Kihispania mdomoni.

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye vitabu vingine, vingi nikivisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Vita vyenyewe nitavisema kwa ufupi. Hernán Cortés aliondoka Kuba Februari 1519 na watu kama mia tano. Novemba 8 mwaka huo akaingia Tenochtitlan, mji uliojengwa juu ya ziwa. Akafukuzwa usiku wa Juni 30, 1520. Akarudi na makumi ya maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala na wa miji mingine iliyowachukia Waazteki, akauzingira mji mpaka ukaanguka Agosti 13, 1521. Hayo hakuna anayebisha. Yaliyobaki karibu yote ni ubishi, na ubishi wenyewe unatokana na nani aliandika, akimwandikia nani, akitaka nini.

Mwombaji wa kwanza ni Cortés mwenyewe. Gavana wa Kuba, Diego Velázquez, alimpa ruhusa ya kwenda, kisha akabadili mawazo akataka kumzuia, naye Cortés akatweka matanga akaenda zake. Kisheria alikuwa mwasi, na adhabu ya mwasi kila mtu aliijua. Kwa hiyo barua zake kwa mfalme Carlos, hizi zinazosomwa leo kama ushahidi mkuu, ni barua za mtu anayeiombea shingo yake. Ya pili ina tarehe ya Oktoba 30, 1520, ikachapwa Sevilla 1522. Humo ndimo ilimo ile hotuba maarufu ambayo ndani yake Moctezuma anaikabidhi nchi kwa mfalme wa Uhispania, ati kwa kuwa yeye na wazee wake walikuwa wanamshikia tu.

Sasa angalieni tarehe. Miezi minne nyuma Cortés alikuwa amefukuzwa mjini, akapoteza mamia ya watu. Mji haukuwa mkononi mwake. Lakini kama mtawala wao aliutoa mwenyewe kwa hiari, basi wanaoupigania si wenye mji tena, ni waasi, na kuwapiga ni halali. Hotuba ile inafanya kazi ya hati ya kiwanja.

Je, Moctezuma aliyasema? Alisema kitu, bila shaka. Wanaojua Kinahuatl, lugha ya Waazteki, wanaeleza kwamba lugha ya heshima ya wakubwa wao ilikwenda kinyumenyume: mkubwa anajishusha, anamtukuza mgeni, anamwambia yeye ndiye mwenye nyumba. Msomaji wa Kiswahili hahitaji digrii kuelewa hapo. Mtu akibisha hodi tunamwambia karibu, jisikie uko kwako, nyumba ni yako. Sasa fikiria mgeni huyo anakunywa chai, anaondoka, anakwenda kuwaandikia wakubwa wake kwamba mwenye nyumba ameniachia nyumba, shahidi wangu ni mkalimani wangu.

Halafu kuna lile la miungu. Wengi tumelisikia: ati Waazteki waliwadhani Wahispania ni miungu, ati Cortés alipokewa kama Quetzalcoatl aliyetabiriwa kurudi. Katika barua za Cortés halimo. Mtu aliyejisifu kwa mambo mengi vile, hilo angeliacha kweli? Linajitokeza kwenye maandishi ya baadaye, miaka mingi baada ya mji kuanguka. Camilla Townsend, mwanahistoria anayesoma Kinahuatl, alilichambua mwaka 2003, na maelezo yake yalinikaa kifuani. Vijana wa kizazi cha baada ya vita walitaka kujua kwa nini wazee wao wenye nguvu zile walishindwa. Jibu la unabii haliumi kama jibu la chuma, meli, ndui na majirani waliojiunga na adui. Hata hapa kambini nimewasikia wahubiri wakisema vita vyetu vilitabiriwa. Sitaji dhehebu.

Kama ni kuchagua kitabu kimoja cha upande wa Wahispania, mimi nachagua cha Bernal Díaz del Castillo, na sioni haya kusema. Huyu alikuwa askari wa miguu. Aliandika uzeeni, Guatemala, akafa 1584 kitabu bado hakijachapwa. Kilikuja kuchapwa Madrid 1632. Kilichomtia hasira ni kitabu cha padri Francisco López de Gómara cha 1552, ambacho kilimpa Cortés sifa zote, tena kimeandikwa na mtu ambaye, kama Prescott, hakufika huko. Bernal Díaz anakumbuka farasi mmoja mmoja na rangi yake. Anakumbuka njaa, vidonda, na woga wa usiku. Mzee wa namna hii mnamjua, kila kijiji cha kambi kina wake, anakaa nje ya kibanda cha kuchajia simu, na ukimkatiza anaanza upya kutoka mwanzo. Lakini mzee naye alikuwa na ombi lake. Aliona amepewa kidogo kuliko alivyostahili. Matthew Restall, katika kitabu chake cha 2003 juu ya hadithi saba za uongo kuhusu uvamizi ule, anatuonyesha kwamba maandishi mengi ya washindi, hata haya makubwa, yamekulia katika desturi ya probanza. Nilipolisoma hilo nikarudi kwa Bernal Díaz na nikaona fomu ikichungulia nyuma ya kila ukurasa: nilikuwepo, nilijigharimia, niliumia, sijalipwa. Sikumpenda kidogo zaidi kwa sababu hiyo. Nilielewa kwa nini anahesabu kila jeraha.

Sasa nije kwa mtu aliyeninyima usingizi.

Mwaka 1538, katika Jiji la Meksiko, mtu aitwaye Juan Garrido alipeleka probanza yake. Anajitambulisha kuwa ni mtu mweusi, mkazi wa mji huo. Mwafrika, jamani, katikati ya karatasi hizo zote. Anaeleza kwamba alipata Ukristo Lisbon, akakaa Uhispania miaka saba, akavuka bahari mpaka Santo Domingo, akaenda Puerto Rico, akaenda Kuba, kisha Meksiko. Kwamba alikuwepo katika kutekwa kwa mji. Kwamba alitumikia kwa gharama yake, bila mshahara, bila kugawiwa kitu. Kwamba yeye ndiye wa kwanza kupanda ngano katika nchi ile. Kwamba ana mke na watoto watatu na hali yake ni mbaya. Ukiisoma karatasi hiyo nawe umeshaingia chumba cha mahojiano, unazitambua hatua zenyewe. Jina. Dini. Njia uliyopita, nchi baada ya nchi. Idadi ya wategemezi. Mahitaji maalumu.

Ngano yake imo pia katika Gómara. Anasimulia kwamba mweusi wa Cortés alipanda punje tatu za ngano alizozikuta ndani ya gunia la mchele. Mweusi wa Cortés! Katika karatasi ya Garrido mwenyewe hakuna bwana. Yupo yeye, kazi zake, na njaa ya nyumbani kwake. Kati ya maandishi hayo mawili mtu yuleyule ni mali ya mwingine na ni mkazi wa mji anayedai haki yake, na punje ni zilezile.

Kuna pia asichokisema. Alizaliwa wapi Afrika, mama yake alimwitaje, alifikaje Ureno, kwa hiari au kwa minyororo: hakuna. Watafiti wanabishana mpaka leo. Fomu ilianza na ubatizo kwa sababu ubatizo ndio uliokuwa na thamani kwa msomaji wa Uhispania. Nimeona watu wengi kwenye kiti kile wakianza habari zao katikati. Mhoji anaona kama wanaficha. Mara nyingi wanaanzia mahali ambapo wanaweza kusimulia bila sauti kukatika.

Nisimfanye Garrido kuwa malaika. Alisimama na waliobomoa mji wa watu. Nimejaribu kumpenda, nimejaribu kumkataa, yote mawili yamenishinda, basi nakaa naye hivyo hivyo.

Mwafrika mwingine anatajwa katika vitabu hivi, na huyu anatajwa kwa ubaya. Ndui iliingia Meksiko 1520, ikaja na kikosi cha Pánfilo de Narváez ambacho Velázquez alikituma kumkamata Cortés. Iliua watu wengi sana hata kabla mji haujazingirwa. Waandishi wa zamani, Bernal Díaz akiwa mmoja wao, wanasema ililetwa na mtu mmoja mweusi aliyekuwa mgonjwa. Kikosi kizima kilitoka visiwani, ambako ndui ilikuwa imeshaingia, lakini aliyebebeshwa mzigo ni mmoja, naye hakuachiwa nafasi ya kuandika probanza. Kipindupindu kikitokea mahali kama hapa, hebu angalieni kidole cha kwanza kinanyooshwa wapi. Kwa waliofika jana.

Sasa mkalimani.

Wahispania walimwita Marina, wenyeji wakamwita Malintzin. Alizaliwa kwa watu wanaosema Kinahuatl, pande za Coatzacoalcos, akafanywa mtumwa kwa Wamaya. Mwaka 1519, baada ya mapigano ya Tabasco, alitolewa zawadi kwa Wahispania, yeye na wenzake, wanawake 20 kwa jumla. Wahispania walikuwa na mtu wao, Jerónimo de Aguilar, ambaye meli yake ilizama 1511 akakaa na Wamaya miaka minane akaijua lugha yao. Basi mnyororo ukawa hivi: mjumbe wa Moctezuma anasema Kinahuatl, Malintzin anageuza kuwa Kimaya, Aguilar anageuza Kimaya kuwa Kihispania, Cortés anasikia. Anajibu, na jibu linarudi njia ileile.

Mnyororo wa namna hiyo mimi nimeukalia. Bibi mmoja alikuwa hajui lugha ila Kibembe. Mjukuu wake akawa anageuza kwa Kiswahili, mimi nageuza kwa Kiingereza. Bibi aliongea kama dakika tano, mikono inakwenda, anasimama, anakaa. Kijana akanigeukia akasema, "Anasema walikimbia."

Nikamuuliza, "Dakika tano zote hizo ni walikimbia tu?"

"Mengine ni uchungu tu, papa."

Nilimwambia bibi aanze tena, pole pole, sentensi moja moja, na huo uchungu nao ugeuzwe wote. Mhoji, dada mmoja mvumilivu, aliweka kalamu chini akasubiri. Tuliondoka pale jua linazama.

Malintzin alijifunza Kihispania, na Aguilar akabaki bila kazi. Kuanzia hapo kila neno kubwa la vita vile lilipita kwenye mdomo wa mwanamke mmoja kijana. Sasa mtafute katika barua za Cortés. Katika ile ya pili ni mkalimani wangu tu, mwanamke mwenyeji wa nchi hii. Jina lake halitajwi mpaka barua ya tano, na wakati huo alikuwa ameshamzalia mtoto wa kiume, Martín. Neno la Kihispania cha siku zile kwa mkalimani lilikuwa lengua, maana yake ulimi. Nilipolijua hilo nilicheka, halafu sikucheka tena.

Bernal Díaz alimtendea haki zaidi, anamsifu kila mara. Anaeleza pia kwamba wenyeji walimwita Cortés mwenyewe Malinche, kwa sababu yule mwanamke hakubanduka ubavuni pake. Yaani bwana alipewa jina kupitia kwa mkalimani wake. Na wachoraji wa Tlaxcala, ambao wazee wa mji wao waliagiza habari za vita zichorwe kwenye kitambaa kikubwa mnamo 1552, walimweka katikati ya picha baada ya picha. Kitambaa cha asili kimepotea, tunazo nakala. Tlaxcala nao, tusisahau, walikuwa wanaomba: picha zao zinawakumbusha wakubwa kwamba sisi ndio tuliowapokea, sisi ndio tuliopigana pamoja nanyi. Kwamba mwanzoni walipigana na Wahispania siku kadhaa kabla ya kufanya urafiki, hilo kitambaa kinalipita kimyakimya.

Baadaye, Meksiko ilipokwisha kuwa nchi huru, jina Malinche likageuzwa tusi. Mpaka leo anayependa vya wageni kuliko vya kwao anaitwa kwa neno lililotokana na jina hilo. Octavio Paz aliandika juu ya jeraha hilo mwaka 1950. Townsend, katika kitabu chake cha 2006 juu ya maisha ya mwanamke huyo, anauliza swali rahisi: alimsaliti nani? Waazteki hawakuwa watu wake. Walikuwa watoza kodi wa miji kama ile aliyozaliwa. Aliuzwa au kutolewa tangu utotoni, akagawiwa tena akiwa mkubwa kama mtu anavyogawa mbuzi. Mbele yake kulikuwa na kubaki mmoja wa wale 20, au kufungua mdomo. Alifungua mdomo.

Sisi wakalimani wa kambi tunaitwa majina pia. Mtu wa ofisi. Mla chai. Yule aliyeharibu kesi ya watu. Tunayasikia, hata mkinyamaza tunapopita. Lakini sisi angalau tunaweza kuandika katika jarida. Malintzin alikufa karibu na 1529, bado hajazeeka, na hakuna hata mstari mmoja uliobaki wa maneno yake mwenyewe.

Waliobaki na maneno ni wengine wa upande wa walioshindwa, na hapa nawaomba wafanyakazi wa mashirika wanaotusoma wavute kiti. Bernardino de Sahagún, mtawa wa Wafransisko, alifika Meksiko 1529. Kwa miongo mingi alikusanya habari za wenyeji kutoka kwa wazee wao, na walioandika na kusahihisha walikuwa vijana wa Kinahua waliosoma chuo cha Tlatelolco. Amewataja wanne kwa majina: Antonio Valeriano, Alonso Vegerano, Martín Jacobita na Pedro de San Buenaventura. Nimeyaandika majina yao makusudi. Vitabu vingi huishia kwa Sahagún. Kazi hiyo ina vitabu 12, na cha 12 ndicho cha vita. Kila ukurasa una safu mbili: Kinahuatl kulia, Kihispania kushoto. Na safu hizi hazilingani. Kinahuatl kinasimulia kwa urefu, kinarudia, kinahesabu, kinataja sauti na harufu. Kihispania mara nyingi kinafupisha. Pale Kihispania kilipoisha mapema, nafasi iliyobaki ikajazwa michoro. Nilipoiona hiyo nilimkumbuka yule kijana na bibi yake.

Msidhani safu ya Kinahuatl haina upande. Wasimulizi walikuwa watu wa Tlatelolco, majirani wa Tenochtitlan kwenye kisiwa kilekile, na katika masimulizi yao mashujaa wa mwisho ni wa Tlatelolco, huku Moctezuma akitetemeka kwa woga. Hata kifo chake kina mafaili mawili: Wahispania wanasema watu wake walimpiga mawe, maandishi kadhaa ya wenyeji yanasema Wahispania ndio waliomuua. Mwaka 1577 mfalme Felipe wa Pili akaamuru maandishi ya Sahagún yachukuliwe. Hati ikaishia Florence, na huko iko mpaka leo. Tangu 2023 kurasa zake zote, na picha karibu 2,500, ziko kwenye mtandao bure. Ni nzito kufunguka. Jaribuni alfajiri.

Kuna na barua ya wazee wa Huejotzingo ya 1560, ambayo mimi naihesabu kuwa bora kuliko zote kwa wasomaji wa hapa. Wanamwandikia mfalme moja kwa moja, kwa Kinahuatl. Wanasema tuliwapokea, tuliwalisha, tuliwabeba, tulipigana, tulikubali dini yenu bila kupigwa, na sasa kodi mliyotupangia itatumaliza. Hawaachi kuwachongea Tlaxcala, ati wao walianza kwa kuwapiga nyinyi na ndio mnaowapendelea. Nani hajawahi kuandika barua kama hiyo, au kuiwekea kidole gumba?

Nimalizie na herufi moja. Mwaka 1959 Miguel León-Portilla alitoa mkusanyo wa maandishi ya Waazteki na majirani zao juu ya vita, ukisimulia kwa macho ya walioshindwa, na tafsiri za Kihispania zilikuwa za padri Ángel María Garibay. Kitabu kikasomwa dunia nzima. Tafsiri ya Kiingereza ya 1962, iliyotokana na ile ya Kihispania, ilipewa jina la mikuki iliyovunjika, kutoka kwenye wimbo wa maombolezo wa Tlatelolco. Miaka thelathini baadaye, 1993, James Lockhart alirudi kwenye Kinahuatl chenyewe. Mitl ni mshale, au mkuki wa kurusha. Omitl ni mfupa. Mwandiko wa siku zile haukutenganisha maneno kama tunavyotenganisha sisi, na Garibay aliiona ile o kama kipande cha peke yake. Lockhart akaisoma pamoja na neno. Basi kilichotapakaa barabarani katika ombolezo lile ni mifupa, na mikuki haimo.

Mama mkubwa wangu alihojiwa mara mbili, katika ofisi ambayo sitaitaja. Mkalimani hakuwa mimi, kwa sababu jamaa haruhusiwi, na ni sheria nzuri. Mara ya kwanza alisema waliomvamia walimuua ndugu yake. Likaandikwa lile neno la Kiingereza la kaka wa kuzaliwa pamoja. Mara ya pili mhoji mwingine akamtaka ataje kaka zake wote, akawataja, na marehemu hakuwemo, maana alikuwa mtoto wa baba yake mdogo. Karatasi mbili zikawekwa pamoja, zikaonekana zinapingana. Kesi ya nchi ya tatu, ambayo ilikuwa imebakiza hatua chache, ikarudi kwenye mstari. Aliitwa akaelezwa. Akaniambia jioni ile, huku anachambua maharage ya mgao:

"Mwanangu, mimi nilisema ndugu. Ndugu ni ndugu. Wao walitaka tumbo?"

Ameombwa arudi kwa mahojiano ya tatu, tarehe bado. Safari hii anataka aende na maandishi yake mwenyewe, yawekwe kwenye faili hata kama hakuna atakayeyasoma. Yeye anasema, mimi naandika, kwenye kaunta buku nililoligawa kwa mstari wa rula. Upande wa kulia ni maneno yake kwa Kiswahili kama yanavyotoka, na Kibembe pale anaponigeukia kwa Kibembe. Upande wa kushoto natia vile ofisi inavyopenda: tarehe, mahali, jina, uhusiano. Saa mbili usiku yake naiandika saa mbili kulia, na kushoto naiandika 20:00. Kila linapotokea neno ndugu nasimamisha kalamu namuuliza, "Tumbo?" Mara nyingine anacheka, mara nyingine ananitazama mpaka nainamisha kichwa. Safu ya kulia imetangulia sana, ya kushoto ina mianya mikubwa, na mtoto wa jirani ameanza kuichoramo mitumbwi kwa kalamu ya bluu. Mama mkubwa amekataa nimkataze.

Tumefika ukurasa wa 31. Bado hatujafika ziwani.